Kikapu cha Pole kwa Mtu Mzima

Wewe hapo, mara ya mwisho ulipomwambia mtu "siku hizi umenawiri," ulikuwa unasifu afya yake au tumbo lake?

Usiniangalie hivyo. Sikiliza.

Kulikuwa na mama mmoja fundi wa nguo, mwili wa kujaza mlango. Kutwa yuko kwenye cherehani, chai ya maziwa kushoto, mandazi kulia. Daktari hakumung'unya maneno: "Mama, sukari yako imepanda. Usipopunguza uzito, huu mguu utaondoka." Na mguu huo ndio uliokanyaga cherehani ukasomesha watoto.

Kumbe kanisa lake lilikuwa limeanzisha programu ya afya. Very modern! Mizani mpya, fulana za kijani, semina yenye projekta. Mwenyekiti wa kamati alinguruma, "Tupungue, akina mama! Mwili ni hekalu!" Ukumbi mzima ukasema amina, kisha ukapanga foleni ya soda.

Mama fundi peke yake ndiye aliyeamini. Akaacha soda, akapunguza ugali, akaongeza mchicha, akawa anatembea kila asubuhi kabla ya kazi. Polepole sukari ikashuka. Magauni yakamlegea, akayapunguza mwenyewe huku akiimba.

Weee! Minong'ono ikaanza kanisani. "Mmemwona? Amekwisha!" "Mume hamlishi huyo." "Anaficha ugonjwa, maskini."

Jumamosi moja akasikia hodi. Ujumbe wa akina mama, mwenyekiti mbele, na kikapu: sukari, mafuta ya kupikia, mikate, soda zile kubwa.

"Tumekuja kukupa pole, dada," mwenyekiti akasema, sauti ya matanga.

"Pole ya nini? Mimi ni mzima."

"Wagonjwa wote husema hivyo. Kula, urudishe mwili."

"Mama mwenyekiti, si ni wewe uliyesema tupungue?"

"Nilisema, ndiyo. Lakini sikusema upungue mpaka watu waone!"

Mama fundi alicheka hadi akashika meza. Lakini moyoni alijua: akikataa kikapu ataitwa mwenye maringo, akikila, mguu kwaheri. Basi akavaa raba.

"Haya, niombeeni. Lakini tuombe tukitembea. Na kikapu chenu mkibebe."

Hawakufika hata kwenye kinu cha unga. Mwenyekiti akakumbatia ua wa nyumba ya watu, jasho linatiririka, pumzi juu juu.

"Dada," akahema, "simama kidogo... uniombee."

Wapendwa, sisi ndio ule ujumbe. Mtu akinenepa mpaka magoti yanalia, tunashangilia: ndoa imemkubali! Akijitibu, tunaanza kumlilia. Tunafanya semina ya unene, na chakula cha mchana ni chipsi. Enyewe, tunamwomba Mungu atuponye nini, ikiwa ugonjwa tunaupakua wenyewe, tena kwa kijiko kikubwa?

Na ninyi wa kamati ya afya ya kanisa letu hili, with all due respect: bango lenu tumeliona, fulana tumezivaa. Sisi tukitaka kutembea, tunakwenda kukwepa bodaboda barabarani, na hapo nje kuna uwanja mzima wa kanisa, geti limefungwa kufuli eti nyasi zisikanyagwe. Nyasi! Mwenye ufunguo yuko humu ndani, na ameinamisha kichwa kama anaomba. Asimame sasa hivi tumwone, akafungue.