Moyo Hufuata Jembe

Moyo hufuata jembe. Mmelisikia neno hilo kwa mama yenu asubuhi, mkacheka, mkaniuliza tangu lini moyo ukawa na miguu. Basi sogeeni. Na wewe Mbonea, uliyelala chali ukingoja hamu ya kazi ije kukubishia hodi, kaa vizuri, maana chanzo cha neno hilo ni huku kwetu Upareni, na kisa chenyewe kilikuwa hivi.

Zamani mashamba ya kijiji yalinyweshwa kwa mfereji mmoja uliotoka mlimani. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha kuzibua, na wote walizibua siku moja, siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Ambaye kipande chake kingebaki kimeziba jua likizama alipoteza zamu ya maji msimu mzima. Jirani hakuruhusiwa kumfanyia mwenye afya yake. Ndugu au mkwe aliruhusiwa, ila kwa jembe la nyumba ileile.

Kulikuwa na mtu aliyeitwa Kallaghe. Mkewe, Nakiete, alipanda maharage, na kabla hayajatambaa akaugua ghafla, akafariki. Tangu azikwe, Kallaghe alikaa kizingitini. Msije mkamwita mvivu, hakuwa mvivu hata kidogo. Aliyaona maharage ya mkewe yakinyauka, akaumia, na kila jioni akasema kesho. Waliopita walimwambia, "Jipe moyo." Naye akawajibu, "Moyo ukirudi, nitakuja." Mimi nasema hakuna neno jepesi mdomoni kama hilo la jipe moyo. Ajipe kutoka wapi, masikini, na aliokuwa nao umezikwa?

Siku ya msaragambo ikafika. Jua lilikuwa limeshapita utosini na kipande cha Kallaghe kimejaa majani na tope, ndipo mama mkwe wake, Naghenjwa, alipoingia uani. Kallaghe akainuka, akainamisha macho kama ilivyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tu, sikuja kukusumbua. Nimefuata jembe."

"La nini, mama?"

"Nikazibue kipande chenu. Maharage ya binti yangu hayajui kama kuna msiba."

Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Akalitia begani, akaondoka taratibu, maana miguu yake ilikuwa ya kizee.

Kallaghe akaketi tena. Mara akakumbuka kwamba mpini wa jembe lile ulikuwa umelegea tangu kabla ya mazishi. Likichomoka, litamkata mama wa watu. Tena mama mkwe akulimie mbele ya kijiji kizima, nawe umekaa kizingitini, hiyo ilikuwa aibu ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu. Akainuka. Alijiambia atakaza mpini tu, halafu arudi nyumbani.

Alimkuta Naghenjwa ameshaingia mferejini, nguo ameikaza kiunoni.

"Mama, naomba jembe nilikaze mpini."

Akampa. Kallaghe akachonga kijiti, akakipigilia kwenye tundu la jembe. Sasa, mtu hakabidhi jembe alilolikaza bila kulijaribu, hivyo akalipiga mara moja kwenye tope. Lilishika. Lakini bonge la majani alilolipiga lilibaki linaning'inia, akaona vibaya kuliacha, akapiga tena. Nyuma yake kulikuwa na bonge jingine. Naghenjwa akajisogeza pembeni, akawa anazoa tope kwa mikono. Kallaghe akalima huku akilia, na watu wa mfereji wakamwachia machozi yake.

Jua lilipogusa mlima, maji yalipita. Mkwe na mkwewe wakayafuata mpaka shambani, wakasimama wakiyatazama yanavyoingia kwenye maharage ya Nakiete.

"Mama," Kallaghe akauliza, "wako ulirudi lini?"

"Nini?"

"Moyo."

Naghenjwa akajifuta tope mikononi. "Haujarudi, baba. Nakiete nilimzaa mimi. Ningeungoja, hadi leo ningekuwa kitandani. Mimi asubuhi nachukua jembe, natangulia. Moyo hufuata jembe. Siku nyingine huchelewa sana."

Kallaghe akaendelea kuyatazama maji. "Wangu niliusikia kidogo," akasema, "pale kwenye kona ya mfereji."

Wakarudi nyumbani. Kesho yake hakuamka na furaha, wala keshokutwa. Lakini alitoka na jembe, na maharage yale yalivunwa. Mbegu tunayopanda hapa nyumbani imetokana nayo, kwa sababu Kallaghe ndiye aliyemzaa babu yangu, miaka mingi baadaye, kwa mke wa pili ambaye Naghenjwa mwenyewe alikwenda kumposea.

Haya, Mbonea. Najua mambo yamekulemea tangu uliporudi nyumbani, na sikucheki. Sikuambii ulime shamba zima. Jembe lile pale, mpini wake unacheza. Nenda ukalikaze tu, mjukuu wangu. Moyo hufuata jembe.