Walioomba Chumvi kwa Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba na kudaiwa kodi kama sisi, mwenye safari mjini alikwenda kijiweni. Hapo aliwakuta Punda, Ngamia na Nyumbu wamekaa kwa zamu. Alipanda mgongoni, akafikishwa, akatoa kibaba cha mtama, na mbebaji akala jasho lake.

Kijiwe kilikuwa na desturi yake. Mwenye mgonjwa nyumbani alipewa abiria wa kwanza, hata akichelewa kufika. Mwana wa Punda, Kidoti, alipougua surua, Ngamia alimwachia Punda zamu yake mpaka mtoto akapona. Mambo hayo Punda alikuja kuyasahau, nami namwonea haya mpaka leo.

Basi siku moja akaja Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mdogo, macho hayatulii, na mgongo wake haujawahi kubeba hata kikapu.

"Ndugu zangu," akasema, "mnaungua jua bure. Mimi nina kasuku kila paa. Abiria amwambie kasuku, kasuku amwite mbebaji aliye karibu. Nauli nitapokea mimi, nami nitachota kijiko kimoja tu cha ahsante."

Wakakubali. Mwanzoni kila mtu alifurahi. Kisha kijiko kikawa upawa, na upawa ukawa karibu kibaba kizima. Wabebaji wakabaki na makapi.

Tena Nguchiro akawaita mbuzi na nguruwe na kila mwenye miguu minne waje kubeba. Njia zikajaa wanaozunguka wakingoja kuitwa, vumbi tifutifu, hata Kobe akashindwa kuvuka kwenda kumjulia hali dada yake. Na abiria akinuna kidogo tu, kasuku alipeleka habari, na jina lako halikuitwa tena. Punda akajifunza kuchekacheka huku mgongo unachubuka.

"Yatosha," Ngamia akawaambia wenzake. "Tusibebe mtu mpaka Nguchiro atuachie robo tatu ya kibaba. Sote, au hakuna."

"Sote," akasema Nyumbu.

"Sote," akasema Punda, tena kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Wakavua matandiko, wakakaa majumbani. Mbuzi na nguruwe nao wakajiunga. Kasuku wakaita mpaka makoo yakakauka, kwaru kwaru, mji ukatulia.

Njaa nayo haina aibu. Kidoti alikuwa akilamba sufuria tupu Nguchiro alipobisha hodi.

"Mama Kidoti, hujambo?"

"Sijambo. Na sibebi."

"Sikuja kukulazimisha. Nimekuonea huruma tu." Nguchiro akasogea sikioni, akanong'ona, pss pss pss. "Wenzako wamekwisha kuja kwangu. Kwa siri, mmoja mmoja. Umebaki wewe peke yako na njaa yako."

"Hata Ngamia?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Lakini usimuulize, utamwaibisha mtu mzima. Nina abiria. Njoo kesho adhuhuri, mlango wa nyuma, usimame nyuma ya ghala. Funga kwato matambara usisikike."

Hapo Punda angeweza kutembea nyumba tatu tu, akamuuliza Ngamia. Hakwenda. Alimkasirikia kimoyomoyo, na hasira ile ikamfaa, kwa kuwa ilimpa ruhusa ya kufanya alilokwisha kulitaka.

Kesho yake, jua la utosi, watu wote ndani, Punda akafunga kwato matambara. "Unakwenda wapi, mama?" Kidoti akauliza. "Kuomba chumvi," akajibu, bila kumtazama mwanawe.

Akapita uchochoroni, nyatu nyatu, akaingia uani kwa Nguchiro, akajibanza nyuma ya ghala. Akainua macho. Juu ya ukuta wa bafu akaona kichwa.

Shingo ya Ngamia, jamani, utaificha wapi?

Wakatazamana. Punda akatazama chini, na chini ya mlango wa bafu akaiona miguu ya Ngamia. Nayo imefungwa matambara.

"Nimekuja kuomba chumvi," akasema Ngamia.

"Hata mimi," akasema Punda.

Nyuma ya jiko mtu akapiga chafya, chyaa. Akatoka Nyumbu, majivu puani, matambara miguuni. "Chumvi," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Wakasimama watatu hao, vichwa chini. Punda alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimkumbuka Ngamia akimwachia zamu, akaona uso unamwaka moto.

Nguchiro akatoka mbio, nyuma yake abiria, Mama Kiboko, na mizigo ya arusi ya bintiye. "Hamkutakiwa kuonana!" akasema. Kisha akatabasamu haraka. "Basi, jamani, msiaibishane. Kila mtu aje sikioni kwangu, tuelewane faragha."

Ngamia akasogea. Nyumbu akasogea. Aibu ni hivyo, humsukuma mtu kumkimbilia yule yule aliyemtia aibu.

Punda hakusogea. "Mimi sikuja kuomba chumvi," akasema. "Nimekuja kuwasaliti. Niliambiwa mmekwisha kuja, nikaamini, kwa kuwa nilitaka kuamini. Sikuja kukuuliza, Ngamia. Nisamehe ukiweza."

Ngamia akameza mate, na shingo ile ndefu mate yalichukua muda kufika.

"Mimi niliambiwa wewe ndiye wa kwanza," akasema.

"Nami niliambiwa nyinyi wawili," akasema Nyumbu, akalia kabisa.

Wakakaa chini, pu, pu, pu.

Nguchiro akamrukia Punda sikioni. "Mama Kidoti, wewe nitakupa robo tatu, usiwaambie..."

"Sema kwa sauti," akasema Punda.

"Ni siri yetu."

"Sema kwa sauti, Bwana Nguchiro. Sote tusikie."

Mama Kiboko alikuwa amechoka kusimama.

"Nauli nimekupa wewe," akamwambia Nguchiro, akikaza kanga kiunoni. "Hawa wakikataa, inama unibebe mwenyewe."

Nguchiro akautazama upana wa Mama Kiboko, kutoka ubavu hadi ubavu. Akautazama mgongo wake mwenyewe.

"Robo tatu!" akapiga kelele, mpaka kasuku wa mitaa yote wakaidaka na kuitangaza paa kwa paa. "Robo tatu, kwa wote!"

Ndipo Ngamia akainuka na kumbeba Mama Kiboko, na wenzake wakachukua mizigo. Wakaenda hivyo hadi arusini, robo tatu yao mfukoni, na njia nzima hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake usoni.

Nanyi, watoto, mtu akikunong'oneza habari za wenzako, mwambie aziseme mbele yao.