Mlango wa Uani wa Bi Mize

Mwenyeji wa kweli hukuonyesha pa kutokea. Mmeisikia mkacheka, mkadhani ni namna ya kumfukuza mgeni. Tulieni basi, maana methali hii ilianza hivi.

Huko Wete aliishi Bi Mize, mshonaji wa kofia za viua, zile za kudariziwa kwa mkono. Michoro ya kofia aliirithi kwa marehemu mama yake, na urithi mwingine hakuwa nao. Mchwa walipoanza kuzila karatasi, aliipiga picha michoro yote akaiweka kwenye huduma moja ya mtandaoni iliyosifiwa na kila mtu. Siku moja alifungua simu akakuta huduma imefungwa, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Nusu ya michoro haikuwa tena hata kwenye karatasi. Alilia kama aliyefiwa na mama mara ya pili.

Kisha akatokea Faki, kijana wa mtaa wa pili, aliyetengeneza huduma ya kuwahifadhia mafundi michoro yao. Wenzake Bi Mize wakajiunga. Yeye akakataa, kwani mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Faki akamfuata nyumbani, akamweleza habari za nywila na kufuli zake zote. Bi Mize alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia kahawa, halafu akamwinua na kumpitisha ndani hadi mlango wa uani. Kwetu mgeni huishia barazani. Anayeonyeshwa uani ni mtu wa nyumba.

“Ukinichoka, mwanangu, pita hapa, wala usiniage,” alisema. “Na mimi kwako natokea wapi?”

Faki angeweza kudanganya, na bibi asingejua.

“Mlango huo sijaujenga, Bi Mize. Nilifikiria kuwaingiza watu tu.”

“Basi kaujenge, ndipo uje.”

Aliujenga. Ukibonyeza mahali pamoja, michoro yako yote inarudi kwenye simu yako, na kwake haibaki hata mmoja. Bi Mize aliingiza mchoro mmoja akautoa, akauingiza tena akautoa, mpaka Faki akaanza kupiga miayo. Ndipo bibi akaiingiza yote iliyosalia.

Mwaka uliofuata, wenye mitambo aliyokodi Faki ya kuhifadhia michoro wakamwarifu kwamba wanafunga kazi. Kabla hapajavuma neno, yeye mwenyewe alimpigia simu kila fundi. “Toeni mali yenu leo,” aliwaambia. “Ya kesho siyajui.”

Bi Mize alibonyeza. Mchoro wa kwanza ukashuka, ukafuata mwingine, hadi ule wa mwisho ambao mama yake aliuchora akiwa mgonjwa. Akaketi chini palepale jikoni, akamshukuru Mungu, akicheka na kulia kwa pamoja. Moyo wake haukuwa umetua hivyo tangu siku ile huduma ya kwanza ilipofungwa.

Faki naye alijiinamia, akijua watu wake wamekwisha kwenda. Alipopata mitambo mingine, hakuthubutu kumwita mtu. Bi Mize ndiye aliyemtafuta, na wenzake wakamshangaa: ametoka jana, leo anarudi?

“Yule wa kwanza alijua kuniingiza tu,” akawajibu. “Huyu amenitoa salama. Nisipomrudia yeye, nimrudie nani?”

Jioni hiyo Faki alikwenda kumshukuru. Hakubisha hodi barazani. Alizunguka nyuma, akaingilia uani, akakuta kahawa yake imeshamiminwa.

Ndiyo maana twasema: mwenyeji wa kweli hukuonyesha pa kutokea.