Zimwi Lililonenepa kwa Ugomvi

Tegeni masikio, niwape kisa! Faki na mkewe Mize walikuwa wakiachana, wakawa wanamgombania binti yao, Riziki. Kila walipofokeana, zimwi lililojificha uvunguni lilinenepa, hata siku moja likatoka, likamkamata mtoto.

"Mtoto anayevutwa huku na huku ni wangu!" zimwi likanguruma.

Mshenga aliyewaunganisha, Bi Mboja, akasikia mayowe, akaja mbio, akawakalisha wazazi mkekani. "Semeni anachohitaji mtoto, si mnachotaka nyinyi."

"Alale kwa mama yake," Faki akasema kwa uchungu. Zimwi likanywea, likawa kama mbuzi.

"Baba yake ampeleke madrasa kila siku," Mize akasema. Likawa kama panya.

"Na tusitukanane mbele yake," wakasema pamoja. Likawa kama chawa! Riziki akaliponda kwa ukucha.

Wakaachana kwa wema, na Riziki alipokua akaolewa, harusi yake waliicheza wote wawili.