Kimya Nyuma ya Pazia

Wamesimulia wakweli waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto Furati, aliishi amiri aliyeitwa Naufali bin Jabala. Ukoo wake ulikuwa mkubwa na neno lake halikurudi nyuma; hata watu wa msikitini walipomtaja walishusha sauti. Amiri huyu alikuwa na mwana mmoja, Haithamu, kijana mpole na mcha Mungu aliyehifadhi Kurani tangu utotoni. Pia alimlea binti wa marehemu ndugu yake, jina lake Lubaba, ambaye baba yake alimwachia mashamba makubwa ya mitende.

Haithamu alimpenda Lubaba hata akakosa usingizi. Hakumwambia mwenyewe, kwa haya na kwa kumcha Mola wake. Alimwambia baba yake, kama ilivyo desturi ya watu wenye heshima. Amiri akafurahi, maana hakupenda mitende ile itoke nje ya ukoo. Tangu hapo Lubaba hakuonekana tena uani. Haithamu aliambiwa kwamba amewekwa ndani, kama wawekwavyo wanawali wanaoposwa, naye akaridhika. Miezi ilipozidi kupita akamwendea mama yake.

"Mama, Lubaba amesemaje kuhusu posa yangu?"

"Mwanamwali aseme nini, mwanangu? Amenyamaza. Nawe umesoma, wajua maana ya kunyamaza kwake."

Ni kweli, alijua. Sharia imemhurumia mwanamwali mwenye haya, ikakifanya kimya chake kuwa idhini yake. Kijana akaenda zake akishukuru, wala hakuuliza tena. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Siku ya akidi ikawadia. Baraza la Amiri lilijaa wakubwa wa mji, na Kadhi Iyadhi, mzee aliyesifika kwa uchaji, akaletwa kufunga ndoa. Bibi harusi alikuwa nyuma ya pazia zito pamoja na mama yake Haithamu na vijakazi wawili. Kadhi akasogea karibu na pazia.

"Binti yangu Lubaba, ami yako anataka kukuoza Haithamu. Umeridhia?"

Kimya. Papo hapo vigelegele vikapigwa, na Haithamu akafumba macho kwa furaha. Lakini Kadhi hakurudi kwenye nafasi yake. Alikuwa amesikia bangili zikigongana kwa nguvu, kama za mtu anayeshikwa mikono.

"Vigelegele vina wakati wake," alisema. "Binti yangu, nakuuliza tena kwa namna nyingine. Kama humtaki mtu huyu, nyamaza. Kama unamtaka, kohoa tu, nami nitaelewa."

Kimya kikawa kilekile.

"Mtoto ana haya," alisema Amiri. "Funga ndoa, Sheikh."

"Mwenye haya angekohoa, Amiri. Nimeuliza maswali mawili yanayopingana, na jibu ni moja. Sitaozesha kwa kimya cha namna hii." Kisha akamwita mkewe, aliyeketi na wanawake wa mji upande wa pili wa ukumbi. "Bi Atika, ingia umtazame mtoto wa watu."

Bi Atika akaingia. Hakukawia, ulisikika ukelele wake, na pazia likavutwa kando. Waliokuwapo wakaona jambo ambalo hawakulisahau mpaka walipoingia makaburini mwao. Chini ya shela ya harusi Lubaba alikuwa amefungwa kitambaa kinywani. Kila kijakazi alimshika mkono mmoja, na mama yake Haithamu alimkandamiza mabega kwa nyuma. Binti alikuwa amekonda, mifupa ya uso imemtoka.

Bi Atika akamfungua kinywa. Lubaba akavuta pumzi, kisha akasema kwa sauti iliyokauka, "Nilimwambia ami tangu siku ya kwanza kwamba Haithamu ni ndugu yangu, simtaki. Nimefungiwa ghalani kwa neno hilo."

 Ghala lile Haithamu alilipita kila siku akienda kusali. Alimtazama mama yake, naye mama akainamisha uso.

Amiri hakutikisika. "Mimi ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwoza. Haithamu, sema umekubali, mambo yaishe."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa kijana huyu, na msidhani ulikuwa mwepesi. Alijua kwamba akitamka neno moja tu, hakuna mtu katika mji ule atakayethubutu kuipinga ndoa hiyo, awe kadhi au mwingine. Yule aliyemkosesha usingizi alikuwa mbele yake, na wala hakuacha kumpenda.

"Siikubali ndoa hii," alisema Haithamu. "Nakuomba, Kadhi, uondoke naye sasa hivi, mbele ya watu hawa."

Amiri aliona haya kumwaga damu mbele ya wageni wake, basi Lubaba akatoka akishikwa mkono na Bi Atika. Wageni walipokwisha kutawanyika, Amiri akawageukia walinzi wake. "Ghala lile halitakaa tupu," alisema. Wakamfungia humo mwanawe wa kumzaa.

Ndani ya mlango Haithamu alikuta alama za kucha. Alikaa humo miaka mingi. Chakula kilisukumwa chini ya mlango na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha, mpaka Amiri alipofikwa na mauti na watu wakaja kumfungua. Alitoka nywele zimekuwa nyeupe, ilhali hakuwa mzee. Hakuomba maji wala chakula. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa Kadhi Iyadhi, ambaye naye alikuwa ameshafariki, akamkuta Bi Atika.

"Sikuja kumwona, Bi Atika. Nataka kujua tu: Lubaba ana watoto wangapi sasa?"

Bibi yule ilimbidi aketi kizingitini. "Hukuambiwa, mwanangu?"

"Sikuambiwa neno."

"Hakumaliza hata mwezi kwangu. Njaa ya ghalani ilikuwa imeshamharibu."

 Kila baada ya sala, miaka yote ile, Haithamu alikuwa akimwomba Mungu ampe Lubaba mume anayemtaka mwenyewe, na watoto wa kumfurahisha. Alikuwa akimwombea hayo maiti.

"Alikufaje?" aliuliza mwishowe.

"Mlango ukiwa wazi. Yalikuwa majira ya baridi, na kila tulipotaka kuufunga alikataa."

"Alinitaja?"

Bi Atika alimtazama kichwa chake cheupe. Neno dogo la uongo lingemfariji mtu huyu mpaka kufa kwake, na nani angelijua? Lakini alikuwa mwanamke mkweli.

"Hapana, mwanangu. Sikumsikia akikutaja hata mara moja."

Haithamu akainama, na machozi yakamdondoka kwenye ndevu. "Alhamdulillahi," alisema. "Basi hakufa akiniogopa."

Enyi waumini, tunajua sana kuuliza mahari ni kiasi gani na karamu ni lini. Kabla ya hayo mwulizeni binti anataka nini, na mhakikishe kinywa chake ki huru kujibu. Mwenyezi Mungu awarehemu wawili hao, na atusamehe sisi tunaopita kila siku mbele ya milango iliyofungwa bila kuuliza nani yumo.