Dirisha la Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Kindi alikuwa na nyumba yenye dari. Chini jiko, juu dari. Moshi ulipanda, fuu, fuu, ukaipaka dari masizi. Na humo darini yalitundikwa mahindi ya mbegu ya kijiji kizima, maana moshi huwafukuza fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka.

Siku moja Kindi akatazama juu. "Dari kubwa hivi, halafu mimi nalala chini na majivu? Mimi?"

Akayashusha mahindi, akayasukuma kwenye kona ya chini. Akahamishia mafiga nje. Akakwangua masizi, kwaru, kwaru! Akapaka chokaa. Akatoboa dirisha kubwa, jua likaingia. Akatandika kitanda juu, akajilaza, akacheka peke yake. Tuseme kweli, palipendeza.

Wiki ya pili akasikia huko chini: kre, kre, kre. Akashuka, akachungulia kwenye kona ile. Unga! Fukusi wanakula mbegu.

Aibu ikamshika. "Nitawaambia nini watu? Nitasema kesho." Kesho ikafika, akasema kesho. Akikutana na jirani yake Bi Kanga njiani, anainamisha uso. Kitanda kizuri, usingizi hakuna. Na huko chini: kre, kre, kre.

Mvua ikanyesha. Asubuhi akaja Bi Kanga na kikapu, Mzee Nungunungu na jembe, na wanyama wote nyuma yao.

"Hodi, Kindi! Tumefuata mbegu."

Kindi amejikunyata kitandani, kajifunika shuka gubigubi.

"Hodi!"

Kindi akaivuta shuka zaidi kichwani.

"Jirani yangu," akasema Bi Kanga taratibu, "mkia wako tunauona. Una dirisha kubwa."

Jamani! Kindi akashuka analia. Akayavuta mahindi. Magunzi na unga.

"Umejua tangu lini?" akauliza Mzee Nungunungu.

"Siku kumi na mbili, mzee."

"Siku ile ya kwanza ungetuita, tungeyachambua, tungeyaanika. Nusu ingepona."

Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana! Waligeuka, wakaenda kuomba mbegu kijiji cha ng'ambo. Kindi akawafuata nyuma, amebeba vikapu vyao vyote, vitupu.

Basi, wakubwa kwa wadogo, kutaka chumba chenye mwanga si kosa. Lakini ukiharibu cha watu, sema siku hiyo hiyo, hata kama uso unawaka. Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya dirisha la Kindi. Aliyejifunika shuka ajifunue.