Kwa Nini Mbeba Karabai Haitikii Salamu

Sogeeni, na wewe unayesinzia usogee zaidi, maana jambo hili lilitokea huku huku Vumanga, katika milima ya Upare, zama ambazo salamu haikuachwa njiani hata kama mtu anakimbizwa na nyuki. Ukimkuta mkubwa mlangoni kwake ulipiga goti, ukatoa shikamoo, kisha ukaulizwa habari za mbuzi, za maharage na za mjomba aliyehamia bondeni. Ukija kuinuka, jua limezama.

Kijiji kizima kilikuwa na karabai moja, ya Mzee Mrutu. Kuiwasha alijua yeye peke yake: spiriti kidogo, kiberiti, kisha pampu, mpaka mafuta yageuke mvuke na ule utambi wake, kijifuko cheupe cha uzi, uangaze nyumba nzima. Kwa hiyo aliyeiazima kwa harusi au matanga aliibeba ikiwa inawaka. Lakini mara tatu mfululizo utambi ulipukutika na nuru ikafa mahali pamoja, mlangoni kwa Bibi Namkunda, mjane asiye na mtoto.

Watu hawakukawia kupata jibu. "Ni jicho lake," walinong'ona. Wazee wakakaa kikao, wakaamua kwamba nuru ikifa pale mara ya nne, bibi afungashe vyake ahame.

Nakiete, mke wa mtoto wa Mzee Mrutu, hakutosheka. Alikuwa mtu wa kuuliza-uliza, wa kufunua vyungu vya watu aone kinachochemka, na kukanywa kulikuwa hakumwingii. Siku moja aliinua kioo cha karabai ikiwa imezimwa, akaugusa utambi kwa unyasi. Ukamomonyoka.

"Baba," alimwita mkwewe kwa woga, "mbona huu uzi ni majivu?"

"Uzi huungua siku ya kwanza tu," mzee alifoka, maana utambi ulikuwa haupatikani karibu. "Siku zote yanayong'aa ni majivu yake. Ukiyatikisa, kwisha habari!"

Nakiete akawaza. Kila mbebaji aliinama mlangoni pale zaidi kuliko penginepo, kwa kuwa Bibi Namkunda ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote njia ile. Basi kumbe ni goti! Alipowaeleza wazee, walicheka hadi wakafuta machozi. Tangu lini heshima ikazima taa? Akaomba aibebe yeye.

Jioni ya harusi ya shemeji yake, iliyokuwa kwa kina bibi harusi, akaishika kwa mikono miwili, akatembea polepole, watu wakimfuata nyuma. Bibi Namkunda alikuwa amesimama mlangoni.

"Nakiete mwanangu, hata wewe hunisalimii?"

Aibu ilimchoma Nakiete. Alimpenda bibi yule. Lakini hakugeuza shingo wala hakufungua kinywa, maana shikamoo ingedai goti. Wanawake waliokuwa nyuma wakaziba midomo. Afadhali taa ingekufa, walisema, kuliko utovu huu wa adabu. Karabai ikafika harusini inawaka vizuri kabisa.

Nakiete hakungoja hata chakula. Alirudi mbio, akamkuta bibi anakunja mkeka wake huku analia, akiamini kwamba sasa kila mtu amemwona mchawi. Akapiga magoti yote mawili.

"Shikamoo bibi. Unisamehe, nilipopita nilikuwa nimebeba majivu. Taa imefika."

Bibi akafuta machozi. Kisha akautandika mkeka upya.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mbuzi wenu hawajambo?"

Na tangu siku hiyo, Vumanga, mbeba karabai haulizwi habari, naye haitikii. Akishaitua taa, hurudi mikono mitupu, mlango kwa mlango, akasalimu kila aliyempita kimya. Kwa hiyo ukifika kwetu ugenini, ukapitwa na mtu mwenye taa asikutupie hata jicho, usinune. Acha mlango wazi.